Habari Zilizomo Katika Damu ya Mgonjwa wa Saratani ya Figo

Mwenyezi Mungu ameziweka figo mahali pa sitara, nyuma ya matumbo na chini ya mbavu, kila moja na upande wake wa uti wa mgongo, zimezungukwa na mafuta na kukingwa na misuli minene. Na kwa sababu ya sitara hiyo, maradhi yanayozuka ndani yake huweza kukaa muda mrefu bila ya mwenyewe kuhisi lolote. Vitabu vya utabibu vya zamani vilimfundisha mwanafunzi kwamba saratani ya figo hujulikana kwa dalili tatu, nazo ni damu katika mkojo, maumivu ya ubavuni, na uvimbe unaoshikika kwa mkono. Lakini siku hizi wanaokuja na dalili zote tatu kwa pamoja hawafiki hata mmoja katika kumi, na wengi hugunduliwa kwa sadfa, pale wanapopigwa picha ya altrasaundi kwa ajili ya jambo jingine kabisa. Makadirio ya mwaka 2020 kwa dunia nzima yalitaja wagonjwa wapya zaidi ya 430,000 na vifo karibu 180,000, wanaume wakiwa takriban mara mbili ya wanawake, na tumbaku, unene wa kupita kiasi na shinikizo la damu vikiwa miongoni mwa sababu zinazojulikana.

Saratani ikiwa bado imo ndani ya figo, daktari mpasuaji huitoa, na wengi hupona. Ikiwa imekwisha kusafiri mpaka mapafuni, mifupani au kwenye ini, mambo huwa mengine, na hapo ndipo mgonjwa, au aghalabu ndugu yake aliyemsindikiza, anapouliza swali ambalo kila tabibu amelizoea na hakuna tabibu anayelipenda: amebakiwa na muda gani? Kwa miaka mingi swali hilo lilijibiwa kwa kukisia, kwani wagonjwa wawili waliweza kuwa sawasawa katika picha, wa umri mmoja na wenye vivimbe vya ukubwa mmoja mapafuni, na huyu akafariki kabla ya Ramadhani nyingine kuandama, ilhali yule akaishi mpaka akaoza watoto wake. Ilikuwa dhahiri kwamba kuna jambo linalowatofautisha, na kwamba jambo hilo halimo katika picha.

Mwaka 1999 daktari Robert Motzer na wenzake wa hospitali ya saratani ya Memorial Sloan Kettering, katika mji wa New York, walizifungua kumbukumbu za wagonjwa 670 waliotibiwa kwao baina ya mwaka 1975 na 1996, wote wakiwa na saratani ya figo iliyoenea, na wote wakiwa wamepokewa katika majaribio ya dawa ambayo habari zake ziliandikwa kwa uangalifu. Wakatafuta, katika yote yaliyoandikwa kabla ya tiba kuanza, ni yepi yaliyobashiri nani ataishi muda mrefu na nani hataishi. Katika mengi waliyoyapima yakasimama matano. Mawili hayakuhusu damu: la kwanza ni kama mgonjwa ameshindwa kuendelea na shughuli zake za kila siku, jambo ambalo madaktari hulipima kwa mizani ya Karnofsky iliyotungwa mwishoni mwa miaka ya 1940, na la pili ni kama figo yenye maradhi haijatolewa. Matatu yaliyobaki yalitoka katika damu: himoglobini iliyo chini ya kiwango, kalsiamu iliyozidi miligramu 10 kwa desilita, na kimeng'enya kiitwacho laktati dehidrojenasi kilichopita mara moja na nusu ya kiwango chake cha juu. Katika wale wasiokuwa na hata alama moja kati ya hizo tano, nusu waliishi zaidi ya miezi 20. Katika wenye moja au mbili, nusu waliishi zaidi ya miezi 10. Na katika wenye tatu au zaidi, muda huo ulikuwa miezi 4.

Yafaa msomaji atulie kidogo mbele ya jambo hili. Hospitali ile ilikuwa na vyombo vya kila namna, na madaktari wake walikuwa na uwezo wa kupima karibu kila wanachokitaka, na hata hivyo vilivyosimama imara kuliko vyote ni vipimo vya damu vya kawaida, ambavyo hata maabara isiyo ya kifahari huweza kuvitoa kwa gharama ndogo. Nchi zetu nyingi hazina mashine za kusoma jeni za kila uvimbe, lakini kipimo cha himoglobini tunacho, na si haki kukidharau kwa kuwa tumekizoea.

Kwa nini basi uvimbe ulio ndani ya figo ushushe himoglobini na kupandisha kalsiamu? Aina ya saratani ya figo iliyo ya kawaida zaidi, ambayo ni kama robo tatu ya zote, huanza aghalabu pale chembe ya figo inapoipoteza jeni iitwayo VHL, iliyomo katika kromosomu ya 3. Kazi ya jeni hiyo ni kuiondosha protini fulani ambayo mwili huihitaji hasa wakati oksijeni inapopungua. Jeni ikitoweka, protini hurundikana, na chembe huishi kana kwamba imekosa pumzi, ingawa oksijeni imejaa tele kila upande, ikawa inaitisha mishipa mipya ya damu bila ya kukoma. William Kaelin wa Boston, Peter Ratcliffe wa Oxford, ambaye mwenyewe ni tabibu wa figo, na Gregg Semenza wa Baltimore walipewa Tuzo ya Nobel ya utabibu mwaka 2019 kwa kufumbua namna chembe zinavyohisi oksijeni, na sehemu kubwa ya ufumbuzi huo ilitokana na kuichunguza jeni hii.

Uvimbe wenye mishipa mingi namna hiyo haujitengi na mwili. Humwaga katika damu kemikali za kupelekeana habari, mashuhuri kati yake ikiwa ni intalukini-6, na ini likizipokea hufanya mambo kadhaa kwa wakati mmoja. Hutoa homoni ya hepsidini, ambayo huyafungia madini ya chuma katika ghala zake yasiweze kufika kwenye uboho wa mifupa, na uboho ukikosa chuma himoglobini hushuka, hata kama mgonjwa anapikiwa maini na mchicha kila siku na jamaa wanaomhurumia. Huongeza homoni inayouamrisha uboho kutoa chembe sahani, zile zinazogandisha damu, nazo zikizidi huisaidia saratani, kwani huzizingira chembe zake zinaposafiri katika mishipa na kuzikinga na walinzi wa mwili. Tena hutoa protini iitwayo CRP, ambayo madaktari huipima kuwa ni alama ya mwako wa ndani. Wakati huo huo neutrofili, ambazo ni aina moja ya chembe nyeupe, huongezeka, na limfosaiti, ambazo ndizo zenye uwezo wa kuitambua na kuiua saratani, hupungua; na wako madaktari wanaogawanya hesabu ya zile za kwanza kwa hesabu ya hizi za pili, wakapata tarakimu moja ambayo ikiwa kubwa huwatia wasiwasi.

Kalsiamu hupanda kwa njia mbili: ama saratani imeingia mifupani na kuimomonyoa, ama uvimbe wenyewe unatoa protini inayoiga homoni ya vile vitezi vidogo vya shingoni vinavyotawala kalsiamu ya mwili. Hapa naomba jamaa za wagonjwa wasikilize kwa makini, maana kalsiamu iliyozidi huleta kiu isiyokatika, kufunga choo, kichefuchefu, usingizi mzito na kuchanganyikiwa, na mara nyingi nyumbani husemwa kuwa mzee amechoka tu na aachwe apumzike, ilhali ni hali ya dharura inayotibika kwa maji ya mshipani na dawa zake. Ama laktati dehidrojenasi, hiyo imo katika kila chembe ya mwili. Saratani inayokua kwa pupa huitumia kwa wingi katika kuunguza sukari, na chembe zake zinapokufa huimwaga nje.

Kwamba uvimbe wenyewe ndio asili ya fujo hizi lilikuwa limeonekana zamani. Mwaka 1961 daktari Maurice Stauffer wa Marekani alieleza habari za wagonjwa wa saratani ya figo ambao vipimo vya ini lao vilikuwa vibaya, na saratani haikufika kwenye ini hata kidogo. Na baada ya kutolewa figo yenye maradhi, ini likarejea katika hali yake.

Dawa zilipobadilika, mizani nayo ilibidi ipimwe upya. Mwishoni mwa mwaka 2005 na mwanzoni mwa 2006 zilitoka dawa za vidonge zinazoizuia ile ishara ya kuitisha mishipa ya damu, na wagonjwa wakaanza kuishi muda mrefu kuliko katika zama za intaferoni, dawa iliyotumika kabla yake. Daktari Daniel Heng wa Calgary, nchini Kanada, pamoja na wenzake wa vituo saba vya Kanada na Marekani, wakakusanya habari za wagonjwa 645 waliotumia dawa hizo, na mwaka 2009 wakatoa mizani ambayo ndiyo inayotumika zaidi hata leo. Alama zake ni sita: himoglobini pungufu, kalsiamu iliyozidi, neutrofili zilizozidi, chembe sahani zilizozidi, mgonjwa asiyeweza kujimudu, na muda usiotimia mwaka baina ya kugunduliwa kwa maradhi na kuhitaji dawa. Asiye na alama yoyote yumo katika kundi la tumaini jema. Mwenye moja au mbili, kundi la kati. Mwenye tatu na zaidi, kundi zito. Baada ya miaka 2 walikuwa hai watu 75 katika kila 100 wa kundi la kwanza, 53 wa kundi la pili, na 7 tu wa kundi la tatu. Tazama kwamba katika alama sita, nne zatoka katika damu, na tatu kati ya hizo zapatikana katika kipimo kimoja, ile picha kamili ya damu ambayo hata mgonjwa wa homa hupimwa.

Tuchukue karatasi ya majibu tuisome, iwe ya mgonjwa wa kubuni. Damu yake imechotwa mkononi, na ile ya kuhesabiwa chembe imetiwa katika kichupa chenye kifuniko cha zambarau, ambacho ndani yake mna dawa ya kuizuia isigande, na muuguzi amekipindua juu chini taratibu mara kadhaa bila ya kukitikisa. Himoglobini ni 9.8, na hiyo ni alama moja. Chembe sahani ni 510,000 katika maikrolita, na kiwango cha juu ni 400,000 au 450,000 kwa kadiri ya maabara. Alama ya pili. Neutrofili ni 5,200, ziko ndani ya kiwango. Kalsiamu imeandikwa 9.4, na mtu asiyejua huipita akidhani ni njema. Lakini sehemu kubwa ya kalsiamu husafiri ikiwa imeshikwa na protini ya albumini, na albumini ya mgonjwa huyu, aliyekonda kwa maradhi, ni 2.5 badala ya 4, basi hesabu hurekebishwa kwa kuongeza 0.8 kwa kila gramu moja ya albumini iliyopungua, na jibu la kweli huwa 10.6, limepita kiwango. Hiyo ni alama ya tatu, na mgonjwa ametoka kundi la kati akaingia kundi zito kwa sababu ya hesabu ya kujumlisha na kuzidisha ambayo mwanafunzi wa shule ya msingi angeiweza. Na kama maabara imeongeza laktati dehidrojenasi, ni wajibu kuuliza damu ilichotwa vipi, maana sindano ikiwa nyembamba mno au bomba likavutwa kwa nguvu, chembe nyekundu hupasuka na kumwaga kimeng'enya chao, na jibu likapanda bila ya saratani kuhusika.

Sasa, miezi inayotajwa katika mizani hizi ina maana gani kwa mtu mmoja aliyekaa mbele ya daktari? Kundi zito la mwaka 2009 lilitajiwa miezi 8.8, na tarakimu hiyo maana yake ni kwamba nusu ya waliokuwamo waliishi pungufu ya hapo na nusu wakaishi zaidi, na wengine wao zaidi sana. Tena ilipatikana kwa watu waliotumia dawa za wakati ule. Haikuwa ahadi kwa mtu yeyote, wala hukumu. Nimesikia mara nyingi jamaa wakimwambia daktari pembeni, "Daktari, mzee asiambiwe," na nayafahamu mapenzi yaliyomo katika maneno hayo. Lakini naona mzee mwenye akili timamu, mwenye mali ya kuandikia wasia na madeni ya kulipa na watu wa kutaka radhi zao, anadhulumiwa pale habari za damu yake zinapojulikana na watu wote nyumbani isipokuwa yeye. Daktari mwema humwuliza kwanza anataka kujua kiasi gani, kisha humweleza kwa mapana, siku au wiki au miezi au miaka, wala hamtajii tarakimu moja kavu.

Faida kubwa ya mizani hizi, kwa rai yangu, imo katika kuchagua dawa. Mwaka 2018 Motzer yule yule na wenzake walitoa matokeo ya jaribio lililowashirikisha wagonjwa 1,096, waliogawanywa kwa kura: hawa wapewe kidonge cha sunitinibu, na hawa wapewe dawa mbili za kuiamsha kinga ya mwili, nivolumabu na ipilimumabu. Katika kundi la kati na kundi zito, baada ya miezi 18, walikuwa hai 75 kwa 100 wa dawa za kinga, na 60 kwa 100 wa kidonge. Katika kundi la tumaini jema mambo yakaja kinyume, uvimbe ukapungua kwa watu 52 katika 100 waliokunywa kidonge na kwa 29 tu waliopewa zile dawa mbili. Yaani himoglobini na chembe sahani, zilizohesabiwa asubuhi moja, zilikuwa zikielekeza njia ya tiba. Na ingawa baadaye yamekuja machanganyiko mengine ya dawa, daktari anayemtibu mgonjwa wa namna hii bado huanza kwa kuhesabu alama zake sita.

Utafiti haukusimama hapo. Iko protini iitwayo KIM-1, ambayo vijirija vya figo huitoa vinapojeruhiwa, na ambayo saratani ya figo nayo huimwaga katika damu. Mwaka 2018 wataalamu waliochunguza damu iliyohifadhiwa katika utafiti mkubwa wa Ulaya walikuta kwamba ilikuwa imepanda kwa watu waliokuja kupata saratani hiyo, hata miaka 5 kabla ya kugunduliwa. Uchunguzi wa baadaye umeonyesha kwamba baada ya figo kutolewa, mwenye kiasi kikubwa cha protini hiyo yumo katika hatari zaidi ya maradhi kurejea. Bado haijaingia katika kazi ya kila siku ya mahospitali.

Tukirudi kwetu, iko shida ambayo waandishi wa mizani za New York na Calgary hawakulazimika kuifikiria sana. Alama hizi ni kama moshi unaoonekana juu ya mapaa ya mji: humjulisha mtu kuwa kuna moto, bila ya kumwambia ni nyumba ya nani. Himoglobini hushuka kwa saratani, lakini hushuka pia kwa malaria, kwa minyoo ya safura, kwa selimundu, na kwa hedhi nyingi. Na chembe sahani zinazopandishwa na uvimbe huweza kushushwa na malaria wiki hiyo hiyo, zikaonekana ziko sawa. Kwa hiyo daktari wa Tanga au Mombasa anayetaka kumpima mgonjwa wake kwa mizani ya Heng hana budi kwanza kumtibu malaria na minyoo, kisha kuichota damu upya. Vile vile iko aina moja ya saratani ya figo, iliyoelezwa mwaka 1995, ambayo takriban wote wanaoipata wana urithi wa selimundu, hata wa mzazi mmoja tu, nayo huwashika vijana na kuenea upesi. Hiyo haipimiki vizuri kwa mizani iliyotengenezwa kwa saratani ya kawaida. Kijana mwenye urithi huo anayekojoa damu, akapewa dawa ya kichocho mara ya kwanza na damu isikatike, asipewe mara ya pili na ya tatu kabla ya figo zake kutazamwa kwa altrasaundi.

Na liko jambo la neutrofili, ambalo kwangu mimi ndilo lenye uzito kuliko yote. Watu wengi wa Afrika kusini mwa Sahara, na baadhi ya Waarabu wa Rasi ya Uarabuni, wamerithi umbile la damu ambalo chembe zake nyekundu hazina alama iitwayo Duffy, umbile linalowakinga na aina moja ya malaria; na mwaka 2009 ilithibitishwa kwamba umbile hilo hilo ndilo linalofanya neutrofili zao katika damu ziwe chache kuliko za watu wa Ulaya, bila ya ugonjwa wowote. Mtu ambaye siku zote ana 2,000, zikapanda kwa saratani mpaka 6,000, zimezidi mara tatu, na bado karatasi ya maabara iliyonakili kiwango cha ng'ambo itaandika kuwa ni sawa, na alama yake haitahesabiwa.

Viwango vyetu wenyewe vimeanza kutafutwa. Huko Mbeya walipimwa watu wazima wenye afya na majibu yakachapishwa mwaka 2008. Na mwaka uliofuata, ule ule uliotoa mizani ya Heng, yakachapishwa majibu ya watu zaidi ya 2,000 wa Rwanda, Uganda, Kenya na Zambia, wakiwamo wa Kilifi katika pwani yetu, yakaonyesha kwamba himoglobini na neutrofili za watu wenye afya wa sehemu hizi ziko chini ya zile za Wamarekani. Tarakimu hizo zipo, na mashine ya maabara huruhusu viwango vyake kubadilishwa. Kilichobaki ni mkuu wa kila maabara kuzitia humo, na mgonjwa, kila anapopimwa akiwa mzima, kuiweka karatasi yake mahali salama, ili siku daktari atakapotaka kujua kawaida ya damu yake ilikuwa ipi, asilazimike kuitafuta katika damu ya watu wa nchi nyingine.